Kusaka vikopo kwa GPS na watoto, Mikindani, Mtwara

Mama Wawili: Habarini wadau. Shemeji kaja likizo, katufundisha jiokashingi: mtu anaficha kikopo, anaweka latitudo na longitudo mtandaoni, wengine wanakisaka kwa GPS ya simu, ule mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Wanangu wamepagawa! Tunataka kuficha chetu Mikindani. Tukifukie chini ya mbuyu?

Mvuvi Mstaafu: Msifukie, mwanangu, kanuni zinakataza kuchimba. Kiingizeni katikati ya mizizi, na mwombe ruhusa kwa mwenye eneo. Kuta za magofu msiziguse kabisa.

Kusini Kuchele: Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, bati litaliwa na chumvi. Ndani daftari dogo na penseli. Wino unachuja unyevu ukiingia. Anayechukua kitu anaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi. Korosho msiweke! Chakula hakiruhusiwi, na panya atafika kabla ya mtu.

Fundi Simu: Mchezo ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga GPS ya raia. Ila chini ya majani mazito simu bado inayumba mita kadhaa. Hapo tumieni macho.

Mama Wawili: Asanteni. Kitindamimba kanunia habari ya korosho, sasa anachagua gololi.