Kikundi: Ukoo wa Bi Somoe, Nyumba ya Shangani

JUMATANO

*Mwanaidi* 18:02
Assalaam aleikum wanaukoo. Jumamosi saa moja asubuhi fundi Issa na vijana wake wawili wanakuja kupunguza ua wa nyumba ya Bibi. Mbele michongoma, nyuma minyaa, na lile tawi la mwembe linalolalia waya wa umeme. Hela ya ufundi imeshatimia, hilo limekwisha. Sasa tuongee usalama wao. Miwani ya kukinga macho nani ananunua?

*Mwanaidi* 18:41
Mmesoma, naona. Nangoja.

*Salumu* 18:44
Miwani tena Dada? Ya jua? 😎 Fundi Issa apige picha

*Tatu* 18:45
😂😂😂 Mjomba Salumu jamani

*Mwanaidi* 18:49
Salumu, mnyaa ukiukata unatoa maziwa. Yakirukia jicho, jicho linaungua, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni. Athumani yumo humu, muulizeni.

*Rashidi* 19:10
Mafundi waje na vyao. Mimi nikimwita seremala simnunulii randa.

*Mwanaidi* 19:13
Kaka Rashidi, randa haimrudii mtu machoni. Hawa ni vijana wa kutwa, akija na ndala na fulana utamrudisha? Hutamrudisha, utamwacha afanye. Akiumia ndani ya ua wetu, tutakaompeleka hospitali ya Ligula ni sisi.

*Mwanaidi* 19:20
Na minyaa isikatwe kwa mashine. Mashine inayarusha yale maziwa kila upande. Ikatwe kwa mkasi wa mpini mrefu, mkataji asimame upande upepo unakotokea. Mikono mirefu, glovu, gambuti, na asijifute uso kwa ile glovu, hapo ndipo wengi wanapoumia. Ndoo ya maji safi iwe pale pale. Yakiingia jichoni, kuosha palepale, maji yawe yanapita, robo saa nzima au zaidi, halafu hospitali. Maziwa ya mama hayatiwi. Nayasema kwa sababu najua nani atayashauri.

*Tatu* 19:22
Mamdogo na chakula cha mafundi? Mimi naweza kuchemsha ming'oko

*Salumu* 19:23
Ming'oko!! Naja na mimi kukata ua

*Tatu* 19:23
Wewe utakata sahani

*Salumu* 19:24
Na nazi usisahau, ya juzi ilikuwa kavu kama kuni

*Mama Zuhura* 19:31
Ming'oko mnapata wapi saa hizi? Sokoni nimekosa

*Tatu* 19:33
Kuna mama analeta kutoka Naliendele, nitakupa namba yake

*Mwanaidi* 19:40
Tatu, pika unachotaka mwanangu, ila jiko likae mbali na petroli ya mashine. Na petroli isijazwe injini ikiwa bado ya moto. Turudi kwenye mwembe. NANI ANAKWENDA TANESCO KESHO?

*Mwanaidi* 20:15
?

*Rashidi* 20:22
Tawi lenyewe moja. Issa anapanda na panga, dakika tano liko chini. Ngazi yangu ya alumini ipo, aje achukue.

*Mwanaidi* 20:26
Hapana. Tawi bichi linapitisha umeme, ngazi ya alumini inapitisha umeme, na panga ni chuma. Tawi linalogusa waya anakata TANESCO, au anakata fundi baada ya TANESCO kuzima laini. Swichi ya ndani haisaidii, ule waya unatoka kwenye nguzo na unabaki na moto wake.

*Rashidi* 20:31
Kila kitu michango na ofisi. 2019 Kenneth ilipotangazwa tulichanga hivi hivi tukate matawi, kimbunga kikaenda zake Msumbiji na hela sikuona imerudi kwa mtu.

*Mwanaidi* 20:33
Hela ya 2019 ilikata mkorosho. Mkorosho ukawa mkaa. Mkaa uliuzwa na nani, Kaka? Nimelinyamazia hilo mpaka leo.

*Rashidi* 20:34
_Ujumbe huu umefutwa_

*Rashidi* 20:36
_Ujumbe huu umefutwa_

*Salumu* 20:40
Jamani jamani. Yanga imecheza na nani leo 😬

*Tatu* 20:41
🙈

ALHAMISI

*Mjomba Selemani* 05:48
Nimesoma yote baada ya swala. Huu ua Mama aliupanda kwa mkono wake mkiwa hamjazaliwa. Ya mkorosho mtayaleta kwangu nyumbani, si humu.

*Mjomba Selemani* 05:55
Hamidu naye alisema dakika tano. Alikuwa fundi kuliko huyo Issa, na mnazi ule alikuwa ameuzoea. Rashidi, mimi na wewe ndio tuliombeba. Mwembe haupandwi mpaka watu wa umeme waje. Nimemaliza.

*Mwanaidi* 06:10
Shikamoo Mjomba. Tumesikia.

*Salumu* 06:32
Shikamoo Mjomba. TANESCO naenda mimi, nikitoka kupeleka watoto shule.

*Tatu* 06:40
Shikamoo Babu 🙏

*Rashidi* 09:17
Shikamoo Mjomba. Sawa.

*Athumani* 13:05
Samahani nilikuwa shamba. Mamdogo miwani iwe ile iliyoziba pembeni, hii ya kawaida maziwa yanapita. Mimi nilikuwa nimevaa ya kawaida.

*Mwanaidi* 13:07
Ahsante baba. Jicho linaendeleaje?

*Athumani* 13:30
Jua kali ndo linanisumbua. Na michongoma wapige fimbo kwanza kabla ya kuingiza mashine, nyigu wanapenda kujenga mle ndani. Ile miiba nayo inatoboa ndala.

*Mwanaidi* 13:34
Mmesikia. Na kijiti kikikwama kwenye meno ya mashine, azime injini kwanza ndipo atie mkono. Majani ya chini wakifyeka kwa mashine ya duara, watoto wote wawe ndani au kwa jirani. Ile inarusha jiwe mbali, mtu akae mita 15.

*Salumu* 16:20
Nimetoka TANESCO. Wameandika, wamesema mafundi wao watapita kuangalia kwanza. Siku hawajataja.

*Mwanaidi* 16:24
Basi Jumamosi ni michongoma tu, na minyaa kama miwani itatimia. Mwembe unabaki. Issa nimempigia, anasema atakuja na mtu wa kushika ngazi.

*Tatu* 17:02
Nimepata miwani ya kuziba, duka la vifaa vya ujenzi, ila zilikuwa mbili tu. Glovu za ngozi nimechukua jozi tatu.

*Mwanaidi* 17:05
Mbili hazitoshi, mafundi ni watatu. Kaka Rashidi, kiwandani kwenu huwezi kuazima moja?

IJUMAA

*Mwanaidi* 07:15
Kaka Rashidi?

*Mama Zuhura* 11:50
Yale matawi ya minyaa msiyachome, moshi wake unawasha macho. Mwaka ule tulilia mtaa mzima. Mimi Jumamosi sipo, nakwenda Mikindani kwenye arobaini.

*Mwanaidi* 11:58
Tutayarundika nyuma ya choo cha zamani mpaka gari ipatikane. Gari nani ana namba yake?

*Rashidi* 19:44
Miwani nitauliza kwa msimamizi, ila yupo zamu ya usiku. Ngazi nitaleta ya mbao.

*Mwanaidi* 19:46
Shukran Kaka. Ukikosa miwani niambie kabla ya saa moja, minyaa niwazuie.