Sosholojia mwaka wa kwanza: ninachambuaje jambo la kila siku bila kuishia kulaumu watu?

Mwanachuo wa Dar
Heshima kwenu, wakuu. Nadharia za Durkheim, Marx na Weber nimezishika kiasi cha kuweza kuzieleza kwenye mtihani, lakini mhadhiri ametutaka tuchague jambo moja la kila siku na kulichambua kisosholojia. Nilichagua suala la makondakta wa daladala kuwakataa wanafunzi wa shule, nikaeleza kwamba wengi wao wamekosa malezi na kwamba jamii imepoteza utu. Rasimu imerudi na maneno machache: hii ni lawama, si uchambuzi. Nikiyaondoa hayo, kinabaki nini cha kuandika?

Mkongwe wa Kitivo
Ndugu, kinabaki kingi. Jiulize kwanza: kondakta huyo akiondolewa leo, akawekwa mwingine mpole, mcha Mungu, mwenye watoto wake shuleni, je, wanafunzi watapanda? Wengi wataendelea kuachwa kituoni, kwa sababu dereva na kondakta kwa kawaida hukabidhiwa gari kwa makubaliano ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, kiasi kilichopangwa kabla gari halijatoka, na riziki yao ni kile kinachozidi baada ya hesabu na mafuta. Mwanafunzi hulipa nauli ya chini, ambayo kwa sasa hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilhali hesabu ya tajiri haipungui eti kwa sababu gari lilijaa sare za shule.

Hapo ndipo Durkheim anapokufaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu kujiua, alionyesha kwamba viwango vya vifo hivyo katika nchi za Ulaya vilibadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka, ingawa waliokufa kila mwaka walikuwa watu wengine kabisa. Kwa hiyo akatafuta sababu ndani ya jamii, si ndani ya mtu mmoja mmoja. Nawe unalo jambo la namna hiyo, linalojirudia katika vituo vingi, hasa asubuhi na jioni, huku makondakta wakibadilika.

Dada Mtafiti
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila Durkheim asimalize kurasa zako zote. Hesabu yenyewe ni uhusiano kati ya mwenye gari na mtu asiye na kitu ila nguvu zake, na hapo Marx ana mengi ya kusema. Tangu serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 1983, kazi hii imekuwa ikifanywa na vijana ambao wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Nje ya gari wapo deiwaka, yaani vibarua wa kushikia gari kwa muda, wanaosubiri nafasi, kwa hiyo anayebishana na tajiri juu ya kiwango cha hesabu anajua kwamba kesho gari linaweza kuwa na mtu mwingine.

Weber atakudai kazi ya miguu, maana kwake tendo la kijamii halielezeki bila kujua mtendaji mwenyewe analipatia maana gani. Nenda Mbagala au Gongo la Mboto mchana, abiria wanapokuwa wamepungua (asubuhi hutasikilizwa na mtu), jitambulishe, omba ridhaa, na usiandike majina. Watafute hasa makondakta wanaowapakia wanafunzi bila ubishi. Hao ndio watakaoutikisa uchambuzi wako, kwa kuwa nao wanadaiwa hesabu ileile.

Mwanachuo wa Dar
Nawashukuru sana. Lakini kama yote yanatokana na hesabu, je, kondakta anayemsukuma mtoto mlangoni hana kosa?

Mkongwe wa Kitivo
Ana kosa, na unaweza kulisema waziwazi, lakini hilo ni swali la maadili na sheria. Mhadhiri amekuuliza kwa nini jambo hili linajirudia. Jibu la dada kuhusu wanaowapakia linaonyesha pia kwamba hesabu hubana bila kumnyima mtu uchaguzi wote, nawe ungefanya vyema kulitengea suala hilo aya nzima. Nafasi utaipata ukiacha utangulizi kuhusu Auguste Comte na chimbuko la somo, ambao karibu kila mwanafunzi huuandika na hakuna msahihishaji anayeusoma kwa furaha.