Mjadala: Vichekesho vya kuanguka na kugongana ni ucheshi wa daraja la pili?

Wanajamvi, salaam.

Kuna kauli naisikia kila mara, na safari hii nimeshindwa kunyamaza: eti wale wachekeshaji wawili-wawili wa zamani, wa kuanguka, kugongwa na ngazi na kutumbukia majini, ni wa watoto tu, mcheshi wa kweli ni yule wa maneno. Napinga, na mashahidi wangu ni Laurel na Hardy, wale wawili wa filamu za Kimarekani, Laurel mwembamba na Hardy mnene.

Chukueni filamu yao ya mwaka 1932, The Music Box. Kazi ni moja tu: kupandisha piano iliyo ndani ya kasha hadi kwenye nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu mno. Wanasukuma, kasha linateleza, linaporomoka hadi chini. Wanaanza upya. Linaporomoka tena. Hatimaye wamefika juu, hoi, ndipo tarishi anawauliza kwa nini hawakupita barabara inayozunguka kilima. Basi wanalibeba kasha lile lile, wanalishusha ngazi zote, ili walipitishe kwenye hiyo barabara!

Kicheko cha hapo hakitoki kwenye kuanguka. Kinatoka kwenye utiifu wao: wameelekezwa njia sahihi, na wao ni watu wa kufuata maelekezo. Filamu ile ilipata tuzo ya Oscar ya vichekesho vifupi, na waliowapa hawakuwa watoto.

Halafu kuna Big Business ya 1929, filamu isiyo na sauti. Wanauza miti ya Krismasi, mwenye nyumba hataki, tawi linabanwa na mlango, wanabisha tena, linabanwa tena. Ugomvi unaanza. Mwenye nyumba anaharibu gari lao, wao wanabomoa nyumba yake. Lakini tazameni vizuri: mmoja anapovunja, mwenzake hamzuii. Anasimama, anatazama hadi mwisho, kisha anakwenda kulipiza kwa zamu yake. Wanagombana kwa adabu! Polisi naye yuko pembeni, anaandika kwenye daftari. Kupanga zamu hizo bila mtazamaji kuchoka ni kazi ya akili, tena akili nyingi. Nyuma ya pazia Laurel ndiye aliyekuwa akihangaika na visa na uhariri kuliko mtu yeyote.

Na siri kubwa kwangu ni hii. Wachekeshaji wawili kwa kawaida ni mjanja na mjinga. Hawa ni mjinga na mjinga mwenzake anayejiona mjanja. Hardy anasema "nipishe, nifanye mimi", na wewe tayari unajua kitakachompata. Kikishampata, anageuka anakutazama wewe, taratibu, kama anayeomba umshuhudie. Hakuna mzaha wa maneno unaoifikia ile sura.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeandika kwa mapenzi, ila umeruka jambo. Kama kuanguka kunaeleweka na kila mtu, kwa nini sauti ilipoingia walirudia baadhi ya filamu zao kwa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, wakitamka maneno kwa kusoma matamshi tu? Maana yake maneno yalihitajika. Na yale mazungumzo ya Abbott na Costello, wachekeshaji wengine wawili wa Kimarekani, kuhusu majina ya wachezaji wa besiboli hayana hata teke moja, lakini watu wanavunjika mbavu hadi leo.

Mleta mada: Hoja nzuri, na sikatai kwamba Abbott na Costello ni mabingwa. Ila jaribu kuyatafsiri mazungumzo yale. Yamejengwa juu ya majina yanayofanana na maneno ya kuulizia ya Kiingereza. Ukiyatoa humo yanakufa. Piano inayoteleza kwenye ngazi haihitaji mkalimani. Kuhusu zile filamu zilizorudiwa, tukumbuke kwamba mwanzoni mwa enzi ya sauti kuweka sauti ya mtu mwingine juu ya picha lilikuwa jambo gumu, na studio hazikutaka kupoteza soko la nje. Hilo lilikuwa suala la biashara. Watu walikuwa wameshawapenda tangu enzi za picha bubu.

Mchangiaji wa pili: Mimi tatizo langu ni watoto. Kupigana kila dakika, na mtu mnene kufanywa kichekesho. Tunafundisha nini?

Mleta mada: Kwenye kupigana nakubaliana nawe nusu. The Three Stooges, wale wachekeshaji watatu wa kuchomana vidole machoni, hata mimi simwachii mtoto mdogo aangalie peke yake, kwa sababu lile ni tendo analoweza kuliiga papo hapo.

Lakini kwa Hardy umekosea, samahani. Hachekwi kwa unene. Ndiye mwenye madaha kuliko wote kwenye picha: anavyoishika kofia, anavyoichezea tai kwa ncha za vidole akiona haya, anavyomnyooshea mwanamke mkono kama mwana wa mfalme. Tafuta Way Out West ya mwaka 1937, pale wanapocheza dansi nje ya baa, bila kuanguka wala kugombana. Tazama miguu ya huyo mtu mnene, kisha urudi hapa utuambie nani mwepesi kati ya wale wawili.