Watu wawili, mahojiano ya nje Moshi: tuanze kununua nini?

Wakuu, tuko wawili. Tunarekodi wakulima wa kahawa Kibosho na Machame, siku nyingine ukumbini mjini. Kamera ipo, lenzi ni moja ya zoom, milimita 24-70. Tuongeze lenzi, taa au maiki?

Jibu la 1
Maiki, mkuu, tena bila kusita. Chukueni zile za kubana kwenye nguo, zisizo na waya, zinazojirekodi zenyewe ndani: mawimbi yakikatika migombani, sauti inabaki salama. Bana kifuani, shibiri moja chini ya kidevu, na uivike manyoya ya kuzuia upepo. Upepo ukishapiga maiki tupu, programu haiwezi kuusafisha vizuri. Kitenge kipya husugua, kwa hiyo shikiza kwa plasta ya kitambaa. Kwenye kipimo cha sauti, icheze karibu na -12 dB. Ikigonga 0 inapasuka.

Jibu la 2
Naunga mkono. Baadaye taa ya LED ya wati 60. Betri ya Wh 99 (wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) inaiwasha kwa nguvu zote kama saa moja na nusu. Msizidishe Wh 100 kama mtapanda ndege KIA. Juu ya hapo ni hadi shirika liwaruhusu. Ukumbini wekeni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na kwa 1/60 taa nyingi za bei rahisi zinachora mistari kwenye picha.

Mleta mada
Shukrani. Na gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera ukitembea?

Jibu la 1
Isubiri. Mtu aliyekaa anataka tripodi nzito, kichwa chake kizunguke laini bila kukwama.