Fundi saa yuleyule, namba mbili tofauti: nisomeje vitabu vya anwani pamoja na ramani za zamani za katikati ya mji?

Mpekuzi wa Mitaa

Salaam kwenu nyote. Ninafuatilia historia ya kipande kimoja cha barabara kuu ya katikati ya mji, tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1950, na ninachotaka kujua ni kila jengo lilisimama lini, lilikuwa na shughuli gani na lilibomolewa lini. Ninavyo vitabu vya anwani vya miaka mingi, yaani orodha zilizochapishwa za wakazi na biashara pamoja na mtaa na namba ya nyumba, na pia ramani za bima ya moto za vipindi vitatu. Tatizo ni kwamba vyanzo hivi havipatani. Kitabu cha mwaka mmoja kinamweka fundi saa katika namba 48, ilhali ramani ya mwaka huohuo inaonyesha kwamba namba 48 ni jengo la benki la ghorofa nne. Baada ya miaka michache fundi yuleyule yumo katika namba 126, nami sioni dalili kwamba alihama, kwa kuwa majirani zake wa kulia na kushoto ni walewale. Je, niamini chanzo kipi, na wenye uzoefu huvisomaje kwa pamoja?

Mtunza Nyaraka

Ndugu Mpekuzi, hilo la majirani ulilolitaja mwishoni ndilo jibu la nusu ya swali lako. Mtu akibadilika namba peke yake, huenda amehama. Lakini safu nzima ikibadilika namba huku mpangilio wa majina ukibaki uleule, basi kilichobadilika ni mfumo wa namba. Jambo hili lilitokea katika miji mingi. Chicago ilianza kutumia mfumo mpya mwaka 1909, ambao huhesabu namba zote kuanzia makutano ya mitaa ya State na Madison, na eneo la katikati ya mji likaingizwa katika mfumo huo mwaka 1911. Kwa hiyo anayetafuta duka la eneo hilo katika kitabu cha 1908 na kisha cha 1912 atakuta namba mbili zisizofanana hata kidogo, ingawa mlango ni uleule. London nayo ilibadilishiwa majina ya mitaa na namba za nyumba kwa awamu, baada ya Bodi ya Kazi za Jiji kuundwa kwa sheria ya mwaka 1855, na mitaa mingine ikabadilishwa jina tena katika miaka ya 1930.

Kwa sababu hiyo ninakushauri usiifanye namba kuwa utambulisho wa jengo. Kipe kila kiwanja alama yako mwenyewe, kisha andika namba zote zilizowahi kutumika pale, pamoja na miaka yake. Nguzo yako iwe kona. Vitabu vingi vya anwani vina sehemu inayofuata mtaa nyumba kwa nyumba, na ndani ya orodha hiyo huwekwa mstari unaosema kwamba hapa mtaa fulani unakatiza; vitabu vya Kelly vya Uingereza hufanya hivyo kwa uthabiti mkubwa. Mistari hiyo ina thamani kuliko namba zenyewe, kwa maana makutano ya mitaa hayahami kirahisi. Hesabu milango kutoka kona moja hadi nyingine katika kitabu, hesabu tena katika ramani, kisha linganisha. Ukikuta fundi saa ni mlango wa tatu kutoka kona katika vitabu vyote viwili, una ushahidi mzuri kwamba hakuhama.

Msomaji wa Ramani

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema, lakini naomba tuiangalie pia hiyo ramani, kwa sababu mwaka ulioandikwa juu yake haukuhakikishii kwamba picha uionayo ni ya mwaka huo.

Ramani za bima ya moto hazikuchorwa kwa ajili ya wanahistoria. Kampuni za bima zilitaka kujua hatari ya moto ya kila jengo bila kumtuma mtu kulikagua. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867 nchini Marekani, ilichora miji na vijiji vipatavyo 12,000, kwa kawaida kwa skeli ya futi 50 kwa inchi moja. Charles Goad alianza kazi kama hiyo Kanada mwaka 1875 na baadaye akaipeleka Uingereza. Katika ramani za Sanborn rangi ya waridi ni matofali, njano ni mbao na buluu ni mawe. Utaona pia idadi ya ghorofa, kuta za kuzuia moto, na herufi D kwa makazi au S kwa duka. Ukiwa na nakala iliyotokana na mikrofilamu (filamu ya picha ndogo za kurasa) ya nyeusi na nyeupe, rangi hizo zimepotea, na hapo huwezi tena kutenganisha jengo la mbao na la matofali kwa kulitazama tu. Tafuta nakala ya rangi hata kama itakuchelewesha. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi kwenye intaneti.

Sasa nije kwenye jengo lako la benki. Kuchora upya karatasi nzima kulikuwa na gharama kubwa, hivyo kampuni ilichapisha vipande vidogo vya masahihisho, na mfanyakazi wake akavibandika juu ya karatasi ya zamani. Karatasi iliyochapishwa mwaka 1905 inaweza kuonyesha majengo ya miaka ishirini au zaidi baadaye, na mwaka wa 1905 ukabaki palepale pembeni. Fungua kurasa za mwanzo za juzuu uone kama kuna jedwali la tarehe za masahihisho, halafu kuza picha hadi uone kingo za karatasi iliyobandikwa. Yawezekana sana kwamba benki hiyo ilikuja baada ya mwaka unaoudhani, na kwamba namba 48 iliyoandikwa mbele yake ni ya mfumo mpya.

Binti wa Maktaba

Naongeza machache kuhusu vitabu. Taarifa zake zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kuchapishwa, hivyo kitabu cha 1900 kwa sehemu kubwa kinaeleza hali ya 1899. Soma orodha ya vifupisho iliyo mwanzoni mwa kila toleo, kwa kuwa herufi ileile haikuwa na maana moja kwa wachapishaji wote. Tena usidhani kwamba asiyeandikwa hakuwepo. Wake za watu, wapangaji wa vyumba na vibarua waliachwa nje mara nyingi, na katika miji mingi ya kusini mwa Marekani majina ya watu weusi yaliwekewa nyota au herufi c, au yakatengwa katika orodha ya peke yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya katikati ya mji ikiandikwa kwa kufuata vitabu hivi peke yake huwa historia ya wenye maduka, na waliolala ghorofa za juu hawaonekani kabisa.

Mpekuzi wa Mitaa

Ninawashukuru sana. Nimehesabu milango kama alivyoelekeza Ndugu Mtunza Nyaraka, na fundi saa ni mlango wa tatu kutoka kona katika vitabu vyote. Juu ya jengo la benki, nikiikuza picha, ninaona kingo za kipande kilichobandikwa. Limebaki swali moja: kati ya ramani moja na nyingine kuna pengo la miaka zaidi ya kumi. Nitawezaje kukadiria jengo lilibomolewa lini ndani ya pengo hilo?

Mtunza Nyaraka

Hapo kitabu cha anwani ndicho kinachoisaidia ramani, kwa sababu kilitoka karibu kila mwaka. Pitia sehemu ya mitaa, mwaka baada ya mwaka, ukitazama namba zenyewe. Jengo likibomolewa, namba zake huachwa kabisa au huandikwa kuwa ni tupu kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha utaona namba tatu au nne za zamani zimemezwa na namba moja, na chini yake orodha ndefu ya mawakili, madaktari na mawakala wenye namba za vyumba. Huo ni ujio wa jengo kubwa la ofisi juu ya viwanja kadhaa. Hata hivyo, neno "tupu" peke yake halitoshi, maana duka linaweza kukosa mpangaji bila kuta kuguswa. Ukishabana pengo hadi kufikia miaka miwili, ndipo uende kwenye vibali vya ujenzi, daftari za kodi ya majengo na magazeti ya miaka hiyo, ambako msako utakuwa mfupi.

Msomaji wa Ramani

Ukifika hatua ya kuzilaza ramani zako tatu moja juu ya nyingine, QGIS, programu ya bure ya ramani ya kompyuta, itakutosha. Chagua alama za kuunganishia, yaani nukta zinazolinganisha ramani moja na nyingine, kwenye pembe za majengo ambayo yangali yamesimama, kama vile kanisa au jumba la mahakama, wala usitegemee kingo za barabara, kwa kuwa barabara za katikati ya mji zilipanuliwa mara kwa mara na kingo zake zikasogea. Sambaza alama hizo pande zote za karatasi, kwani zikirundikana kona moja, upande wa pili wa ramani utapinda.