Neno Bismillah katika «Bohemian Rhapsody»: lina maana gani?

Mkaazi wa Upanga
Ndugu wanajamvi, salaam. Juzi ndani ya daladala la kutoka Posta ulipigwa wimbo wa bendi ya Uingereza, Queen, «Bohemian Rhapsody», na abiria mmoja akashikilia kwamba Bismillah inayosikika katikati yake ni kumbukumbu ya Unguja, alikozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo na mtunzi wa wimbo huo, mwaka 1946. Je, ni kweli? Na mbona wimbo wenyewe hauna kiitikio, kana kwamba nyimbo tatu zimeshonwa pamoja?

Msoma Mashairi
Ndugu yangu, Unguja tusiikatae wala tusiing'ang'anie. Mercury alitoka katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroasta, akasomeshwa India tangu utotoni, na wazazi wake wakahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Neno lile haielekei kwamba lilikuwa geni masikioni mwake, lakini hadi anafariki mwaka 1991 hakukubali kufafanua mashairi yale, kwa hiyo tuyasome yalivyo. Kijana anakiri kwa mama yake kwamba ameua mtu. Kisha, katika sehemu ya opera, makundi mawili yanamgombania, moja likitaka aachiwe na jingine likitanguliza Bismillah na kukataa katakata. Neno hilo, basi, limo vinywani mwa wanaomshikilia, si mwa mtuhumiwa, nasi hatulitambui hilo kwa sababu tukishasikia neno letu huacha kusikiliza yanayofuata.

Mzee wa Dansi
Kiitikio humrudisha msikilizaji mahali alipokwisha kupita, ilhali kijana huyu hana pa kurudi. Ndivyo ninavyouelewa muundo ule. Zinaanza sauti tupu bila ala, ikafuata piano ya taratibu, solo ya gitaa ya Brian May, opera, halafu roki nzito kabla ya kutulia, yote hayo katika dakika zisizotimia sita. Sisi tuliolelewa na dansi tumezoea mashairi ya polepole yanayofuatwa na chemko, ila chemko letu ni la kuwainua watu vitini, na lao ni la mfungwa anayepiga mlango teke. Kwaya ile ya sehemu ya opera, kwa taarifa yenu, ni ya watu watatu tu, Mercury, May na Roger Taylor, ambao mwaka 1975 walirekodi sauti zao moja juu ya nyingine kwa muda wa wiki tatu hivi.

Mkaazi wa Upanga
Ahsanteni sana. Nimeusikiliza upya usiku huu, na kweli Bismillah inatoka upande wa wakatalifu. Abiria yule nikikutana naye tena nitampa nusu ya ushindi.