Rili ya kuvulia samaki: wewe unatumia aina gani? Tupeane uzoefu

Kamwene wakuu,

Nipo Iringa mjini, na nikipata Jumamosi huru nateremka Mtera. Miaka yote navua kwa fimbo ya mwanzi, uzi nimeufunga nchani basi. Mwezi uliopita kambale kanivunjia fimbo, kaondoka na uzi, chubwi na ndoano, mimi nimebaki na kipande mkononi kama mchunga mbuzi. Sasa nataka rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo. Dukani nimeonyeshwa tatu: ya wazi inayoning'inia chini ya fimbo, ya kofia yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, na ya mviringo inayokaa juu ya fimbo kama winchi. Muuzaji anachojua ni bei tu. Mliozitumia, semeni yaliyowakuta. Ya kwenye boksi nimeshasoma.

Mwana Ziwa, Kyela

Hiyo ya mviringo niulize mimi. Shemeji aliniletea moja kutoka Afrika Kusini, inang'aa, nikajiona fundi. Nikaenda nayo Matema mchana, upepo wa ziwa unakuja usoni, nimefunga chambo bandia chepesi cha gramu tano. Nikatupa kwa nguvu zote. Chambo kikaenda hatua sita kikaanguka, lakini bobini yenyewe ikaendelea kuzunguka. Uzi ukafura ndani kama sufi iliyopasuka kwenye mto. Nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima nikichokonoa kwa ncha ya ndoano, watoto wa pale wamenizunguka, mmoja akaniuliza kwa heshima zote: "Shikamoo baba, hiyo ni mashine ya kusuka?"

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Kwenye rili hiyo bobini inazungushwa na uzani wa chambo. Chambo kikipunguzwa mwendo na upepo, bobini haina habari. Kwa hiyo kwanza kaza ile skrubu ya pembeni mpaka chambo kikiachiwa kishuke taratibu, na kikigusa chini bobini isimame. Pili, kidole gumba kisitoke juu ya uzi. Tatu, anza na chambo kizito, gramu kumi na tano hivi. Sasa hivi naipenda, inavuta samaki mkubwa bila kulalamika. Ila mtu wa kuanza simshauri hata kidogo.

Chai na Ukungu, Mufindi

Ya kofia. Nina wanangu wawili, wa miaka saba na tisa, tunavua perege kwenye bwawa la jirani. Bonyeza, tupa, achia. Hata jioni gizani unatupa tu. Ubaya wake ni kwamba uzi ukijifunga unajifungia ndani ya kofia, hujui mpaka mambo yameharibika. Na breki yake, ile inayoachia uzi kidogo kidogo samaki akivuta, ni ya perege, si ya kambale wako huyo.

Fundi Uyole

Mkuu chukua ya wazi, usizunguke. Naitumia mwaka wa nne, ukubwa wa 2500. Kwa kambale ningepanda 4000.

Ila kuna kosa karibu kila mtu analifanya, na mimi nimelifanya mpaka nikaharibu uzi wa mita mia mbili. Samaki akiwa anakimbia na breki inalia *trrrr*, usizungushe mpini! Kama rili yako ni ya 5.2 kwa 1, yaani mpini ukizunguka mara moja kichwa kinachokunja uzi kinazunguka mara 5.2, kila ukizungusha mpini mara moja huku breki inateleza, unausokota uzi mizunguko mitano na ushee. Ukizungusha mara ishirini, uzi umesokoteka mara mia na zaidi. Ukiulegeza unajikunja wenyewe kama waya wa simu za mezani. Mwache akimbie, akichoka ndipo uinue fimbo, uishushe ukizungusha, uinue tena.

Jingine: ukishatupa, ule waya wa nusu duara urudishe kwa mkono, usiurudishe kwa kuzungusha mpini. Na usijaze bobini mpaka ukingoni, acha milimita mbili au tatu. Mimi nilijaza pomoni nikidhani nafaidi, uzi ukawa unamwagika wenyewe.

Mwana Ziwa, Kyela

Fundi umenena. Ongeza hili: ukiweka uzi wa kusuka, chini yake tanguliza nailoni ya kawaida kidogo. Uzi wa kusuka peke yake unateleza kwenye bobini, unazungusha mpini na samaki haji. Nilidhani rili imekufa, nikampelekea fundi baiskeli akaifungua yote bure.

Mgeni Mtera

Breki mnakaza kiasi gani? Mimi nakaza mpaka mwisho.

Fundi Uyole

Ndiyo maana unakatiwa, ndugu. Robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo sita, breki iachie kwenye kilo moja na nusu mpaka mbili. Funga uzi kwenye mzani wa ndoano, ule wa kupimia nyama, uvute fimbo uone inaachia kwenye ngapi.

Mwanzisha mada

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa, ingawa ile winchi bado inanitamanisha. Nilisahau kusema jambo moja: mimi ni mashoto.

Mwana Ziwa, Kyela

Ndaga! Ungeanza na hilo. Ya mviringo mpini wake hauhami, ukinunua ya upande usio wako ndiyo imekula kwako. Ya wazi nyingi unafungua kifuniko cha skrubu upande wa pili, unachomoa mpini na kuuhamishia huko, dakika moja. Mwambie muuzaji akuhamishie hapo hapo kabla hujatoa hela.

Mwanzisha mada

Basi ni ya wazi, 4000. Jumamosi naenda na mzani wa mama watoto, asijue.